Wakili dhalimu: kwa nini bwana alimsifu mtu aliyemfukuza kazi

Kila baada ya miaka mitatu, katika Jumapili ya 25 ya Mwaka C ya kalenda ya Kanisa Katoliki, waumini husomewa Luka 16:1-13, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yenye ratiba ya masomo inayokaribiana na hiyo husoma sehemu ileile. Mara hii ya karibuni ilikuwa Septemba 21, 2025. Na kila inaposomwa, swali linalobaki baada ya ibada ni lilelile, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba kuliuliza ni dhambi: je, Yesu alimsifu mwizi? Msimamizi ametapanya mali ya tajiri wake, amefukuzwa, kisha akawaita wadeni mmoja mmoja na kubadilisha hati za madeni yao. Halafu tunaambiwa kwamba bwana wake akamsifu. Baadhi ya wahubiri hulikwepa swali kwa kukimbilia mstari wa 13, unaosema kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, kwa sababu huo hauna utata. Wengine hulijibu kwa namna inayomfanya msikilizaji aondoke akiamini kwamba fedha chafu zikitolewa sadaka hutakasika.

Swali lenyewe ni la haki, na jibu lake halihitaji mtu awe amesoma teolojia. Linahitaji kwanza tujue maneno mawili ya jina analoitwa msimamizi huyo, wakili dhalimu, yanamaanisha nini, kwa sababu Kiswahili chetu kimesogea tangu yalipowekwa kwenye ukurasa ule.

Neno la kwanza ni wakili. Msomaji wa leo akiliona humjia mtu mwenye joho jeusi anayesimama mbele ya hakimu, kwa hiyo hudhani kwamba yule tajiri alikuwa na kesi mahakamani. Lakini wakili, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mtu yeyote aliyekabidhiwa shughuli za mwenzake azisimamie kwa niaba yake, na ndugu yake wa damu katika lugha ni wakala, ambaye hadi leo anafanya kazi ya namna hiyo. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walilitumia kwa maana hiyo pana. Kigiriki cha Luka kina neno oikonomos, yaani msimamizi wa nyumba na mali, na ndilo analolitumia Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba linalotakiwa kwa mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu (1 Wakorintho 4:2). Hakuwa akizungumza na wanasheria. Tafsiri za baadaye zimependelea maneno kama msimamizi au karani, na msomaji anayekwama kwenye wakili anaweza kuyatumia bila kupoteza kitu.

Ili kuona uzito wa cheo hicho, mfikirie mtu uliyemwachia funguo za nyumba, daftari la hesabu na namba ya siri ya akaunti yako, kisha ukasafiri kwa muda mrefu. Hakuna hata kimoja kilicho chake. Lakini anayedaiwa atamlipa yeye, anayetaka kukodi shamba ataongea naye, na akiandika karatasi, karatasi hiyo inakufunga wewe. Watu wanamheshimu kama mwenye mali, na baada ya muda yeye mwenyewe anaweza kusahau kwamba siye.

Neno la pili ni dhalimu. Siku hizi tunalitumia kwa mkatili, mtawala anayewatesa watu wake, na kwa sababu hiyo wengine hushangaa: huyu msimamizi alimtesa nani? Neno la Kigiriki hapo ni la ukosefu wa haki tu, hali ya kutokuwa mwadilifu. Luka analitumia tena kwa yule kadhi dhalimu wa sura ya 18, ambaye naye hapigi mtu; kosa lake ni kwamba hamchi Mungu wala hajali watu. Kwa hiyo wakili dhalimu ni msimamizi asiye mwadilifu.

Tukishayapata maneno hayo, hadithi yenyewe ni fupi na imesukwa vizuri. Msimamizi anapelekewa mashtaka, na bwana wake hafanyi uchunguzi mrefu. Anasema: "Toa hesabu ya uwakili wako, kwa kuwa huwezi kuwa wakili tena." Angalia kwamba mshitakiwa hajitetei hata kwa neno moja. Hasemi kwamba amesingiziwa, haombi msamaha, halii. Anaingia moyoni mwake na kujipima kwa ukweli usio wa kawaida kwa mtu aliyekuwa akidanganya: "Kulima, siwezi; kuomba, naona haya." Kisha anafanya hesabu nyingine, isiyohusu mali bali watu. Kazi imekwisha, lakini daftari bado liko mikononi mwake, na wadeni hawajapata habari.

Anawaita mmoja mmoja. Wa kwanza anadaiwa vipimo mia vya mafuta. Kipimo kinachotajwa katika Kigiriki ni bathi, ambayo kwa makadirio ya kawaida ilikuwa na lita 35 hadi 40, kwa hiyo deni lote ni lita 3,500 hadi 4,000 za mafuta ya zeituni. Huyu si jirani aliyeazima chupa moja ya mafuta. Ni mfanyabiashara wa jumla au mpangaji wa shamba kubwa la mizeituni. Wa pili anadaiwa makanda mia ya ngano, na kipimo hicho, kori, kilikuwa mara kumi ya bathi. Wa kwanza anapunguziwa nusu, wa pili sehemu moja ya tano.

Kuna jambo dogo katika mazungumzo hayo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Msimamizi ndiye mwenye hati, na anajua vizuri kilichoandikwa, lakini anauliza: unawiwa nini na bwana wangu? Anataka mdeni alitamke deni lake kwa kinywa chake kabla ya kusikia kwamba limekatwa nusu. Halafu hampokonyi kalamu akaandika mwenyewe. Anamwambia: "Twaa hati yako, keti upesi, andika hamsini." Mwandiko unabaki wa mdeni, kama ulivyokuwa desturi katika hati za madeni za wakati ule, kwa hiyo karatasi mpya haitofautiani na ya zamani isipokuwa tarakimu. Na mdeni naye sasa amechovya kalamu. Amenufaika, na hawezi kumwita mwenzake mwizi bila kujitaja. Neno upesi nalo linaeleza hali ya chumba kile kuliko maelezo marefu: mlango wa bwana unaweza kufunguliwa wakati wowote.

Hapa wafafanuzi wa Maandiko wanagawanyika, na ni vizuri msomaji ajue hivyo, maana baadhi ya majibu anayoyasikia kama ukweli uliokwisha kuthibitishwa ni moja tu ya nadharia hizi. Wapo wanaosema kwamba alichokipunguza ni riba iliyofichwa ndani ya deni. Torati ilikataza kumtoza ndugu riba (Kutoka 22:25, Walawi 25:36-37, Kumbukumbu la Torati 23:19), kwa hiyo kwa kuifuta alikuwa akimrudisha bwana wake kwenye sheria, na bwana asingeweza kulalamika bila kujiaibisha. Wapo wanaosema alikata posho yake mwenyewe, ile faida ambayo msimamizi alijiongezea juu ya deni, hivyo tajiri hakupoteza kitu. Na wapo wanaosema kwamba aliiba tena, basi.

Nadharia mbili za kwanza zina mvuto kwa sababu zinamsafisha msimamizi na kutuondolea aibu. Kwa maoni yangu ndilo tatizo lake. Hadithi haitaji riba wala posho; mdeni anaulizwa anadaiwa nini na bwana, na analotaja ndilo linalopunguzwa. Na mtu huyu anaitwa dhalimu baada ya kitendo hicho, katika sentensi ileile inayosema kwamba alisifiwa. Ni kweli kwamba jina hilo laweza kuwa linarudi nyuma kwenye ubadhirifu wake wa awali, na sidai kwamba hoja imefungwa. Lakini hadithi inafanya kazi hata tukimwacha awe mwizi kamili, na nadhani inafanya kazi vizuri zaidi.

Inawezekanaje? Fikiria kocha ambaye timu yake imefungwa na wapinzani wanaojulikana kwa kucheza rafu. Chumbani anawaambia vijana wake: "Mmewaona wale? Kila mpira uliporudi, wao walikuwa wameshajipanga. Ninyi mlikuwa mnatazama." Hakuna mchezaji atakayetoka hapo akidhani kwamba ameruhusiwa kuvunja miguu ya watu. Kocha amesifu kitu kimoja, wepesi wa kusoma mchezo, na kila aliyesikia ameelewa mpaka wa sifa hiyo. Sasa rudi kwenye mstari wa 8: bwana akamsifu wakili dhalimu kwa vile alivyotenda kwa busara. Hakusifiwa kwa kutenda haki, wala kwa kuwa mwaminifu. Busara hapa ni ule uwezo wa kuona hali ilivyo na kuchukua hatua inayolingana nayo kabla muda haujakwisha.

Yesu ana desturi ya kufundisha kwa njia hii, na Kiswahili kina neno linaloibeba hoja yake yote: sembuse. Ikiwa ninyi mlio waovu mnajua kuwapa watoto wenu vipawa vyema, sembuse Baba aliye mbinguni (Luka 11:13). Ikiwa kadhi asiyejali mtu humtetea mjane kwa sababu ya kusumbuliwa, sembuse Mungu kwa wateule wake (Luka 18:6-7). Hoja ya sembuse haidai kwamba mtu wa upande wa kwanza ni mwema. Inahitaji awe mbaya ndipo iwe na nguvu. Ndiyo sababu Yesu anaweza kusema kwamba kuja kwa Mwana wa Adamu kutafanana na kuja kwa mwizi asiyetoa taarifa (Luka 12:39-40), wala hatujamsikia mtu akisema kwamba hapo wizi umebarikiwa. Katika mfano wetu hoja inasomeka hivi: ikiwa mtu wa ulimwengu huu, aliyeambiwa kwamba hesabu inaitishwa, alitumia siku zake za mwisho kwa akili namna ile ili tu apate pa kulala, sembuse wana wa nuru, yaani wafuasi wake, wanaosema kwamba wanaiamini hesabu iliyo kubwa zaidi.

Hoja hiyo inajibu pia dhana kwamba bwana wa hadithi lazima awe Mungu, na hivyo Mungu ndiye aliyefurahia kuibiwa. Mfano si fumbo ambalo kila mtu na kila kitu ndani yake lazima kipewe mwenzake mbinguni. Kadhi wa sura ya 18 si Mungu, na tajiri huyu hana ulazima wa kuwa Mungu. Utata umeongezwa na jambo la uchapaji: Biblia ya Union Version haitumii alama za kufungua na kufunga usemi, kwa hiyo msomaji haoni hadithi inakomea wapi na Yesu anaanza lini kusema kwa sauti yake mwenyewe. Wengi husoma kwamba bwana ni yule tajiri hadi katikati ya mstari wa 8, na kuanzia maneno "wana wa ulimwengu huu" anayesema ni Yesu. Wapo wanaosema kwamba hata yule bwana anayesifu ni Yesu mwenyewe, kwa sababu Kigiriki kina neno moja tu kwa wote wawili. Vyovyote iwavyo, anachosifu ni kilekile.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulipita ni hili: kusifiwa hakukumrudisha kazini. Hakuna mstari unaosema kwamba bwana alibadili uamuzi wake. Hukumu ilitolewa mwanzoni mwa hadithi, katika mstari wa 2, na ikabaki palepale hadi mwisho. Anayesema kwamba mfano huu unauacha ubadhirifu bila adhabu hajaangalia kwamba mbadhirifu anapoteza nyumba, cheo na jina, na kwamba kitabu chake kimefungwa kabla hajaita mdeni hata mmoja. Kilichobaki wazi ni muda mfupi kati ya taarifa na makabidhiano, na hadithi nzima imewekwa ndani ya muda huo.

Ukitaka kuona ukubwa wa hukumu hiyo kwa jicho la Luka, rudi nyuma sura nne. Katika Luka 12:42 Yesu anauliza ni nani aliye wakili mwaminifu, mwenye busara, ambaye bwana wake atamweka juu ya utumishi wake wote, awape watu posho kwa wakati wake. Ni neno lilelile la wakili na mzizi uleule wa busara, lakini pembeni yake kuna uaminifu. Wakili wa sura ya 12 akianza kuwapiga watumishi, kula, kunywa na kulewa kwa kuwa bwana wake anakawia, anakatwa vipande viwili na kuwekewa fungu lake pamoja na wasioamini. Na hapo ndipo linapotoka neno kwamba kila aliyepewa vingi, kwake vitatakwa vingi. Huyo mlevi alikosa vyote viwili, kwa maana hata hakudhani kwamba bwana angerudi siku ile. Wakili wa sura ya 16 ana nusu moja ya sifa. Ana busara hadi ya kuazimwa na wenye haki, na hana uaminifu hata kidogo. Ukiziweka sura hizo mbili kando kwa kando unaelewa kwa nini Luka, mara tu baada ya kuisifu busara yake, anashusha mvua ya maneno juu ya uaminifu katika mistari ya 10 hadi 12: aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Neno linalotafsiriwa kuwa mali katika mistari hiyo ni mamona, neno la Kiaramu ambalo wataalamu wengi huliunganisha na mzizi wa kutegemea na kuamini, ule uliozaa amina. Maneno yetu amini, imani, amana na mwaminifu yametoka kwenye mzizi huohuo kupitia Kiarabu. Kwa hiyo mstari wa 11, unaouliza kwamba kama hamkuwa waaminifu katika mali ya udhalimu, ni nani atakayewapa amana mali ya kweli, unarudisha katika Kiswahili mlio ambao huenda wasikilizaji wa kwanza waliusikia. Mali ni amana, na amana ni kitu cha mtu mwingine.

Unabaki mstari wa 9, na ndio uliozaa uvumi mbaya kuliko yote: jifanyieni rafiki kwa mali ya udhalimu, ili itakapokosekana wawakaribishe katika makao ya milele. Wapo wanaousoma kama ruhusa ya kupata fedha kwa njia yoyote mradi sehemu yake ifike madhabahuni, na wapo wanaousoma kama bei ya kuingia mbinguni. Lakini mali ya udhalimu haimaanishi fedha zilizoibwa. Katika mstari wa 11 kinyume chake ni mali ya kweli, si mali iliyopatikana kihalali. Kinachozungumzwa ni mali yote ya ulimwengu huu, ambayo siku moja itakosekana, hata ile iliyopatikana kwa jasho. Aliyeiba ana njia nyingine, na Luka anaionyesha sura tatu mbele: Zakayo, mtoza ushuru tajiri, anawapa maskini nusu ya mali yake, na kando ya hiyo anawarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Nusu ya Zakayo ilitoka mfukoni mwake. Nusu ya yule mdeni wa mafuta ilitoka mfukoni mwa mtu mwingine, na tofauti hiyo peke yake inatosha kumaliza mabishano mengi.

Na rafiki wanaotajwa ni akina nani? Neno la kukaribishwa la mstari wa 9 ni lile la mstari wa 4, pale msimamizi alipotaka wadeni wamkaribishe nyumbani mwao. Yeye aliwachagua watu wenye nyumba, wenye maelfu ya lita za mafuta. Mkaribishaji wa makao ya milele ni wa aina nyingine, na Luka hamtaji hapo. Kwanza anatuambia kwamba Mafarisayo, waliokuwa wapenda fedha, waliyasikia hayo yote wakamdhihaki (16:14). Kisha, katika mstari wa 19, inaanza hadithi nyingine kwa maneno yaleyale yaliyoanzisha ya kwanza: palikuwa na mtu mmoja, tajiri. Huyu hana msimamizi anayetajwa. Ana nguo za zambarau, ana karamu kila siku, na ana mlango ambao nje yake amelazwa maskini aitwaye Lazaro.